Nimekipata Kipande cha Mwisho

Mama Zuhura,

Shikamoo. Najua utacheka, maana hata ulipokuwa hai ulikuwa unaniambia, "Mama Safari, umeniamkia mara tatu tangu asubuhi, unataka nizeeke leo leo?" Basi hii ni ya miezi minne yote. Itikia tu yaishe.

Nakuandikia hapa hapa kibarazani kwako. Cherehani yangu ipo palepale ulipoiacha, kati ya mlango na dirisha, na mguu wake mmoja bado nimeuwekea kigae ili isicheze. Ni alasiri, wateja hakuna, Zuhura yuko ndani anapanga majora ya vitambaa. Karatasi hii nimeichana kwenye daftari langu la vipimo, kwa hiyo ukiigeuza utakuta kiuno cha mke wa afisa mmoja. Usimwambie mtu, ni kikubwa.

Nina habari moja kubwa, na wewe unanijua, mimi kusubiri siwezi. Lakini leo nitajitahidi niieleze kwa mpangilio, kama ulivyokuwa unanihubiria miaka yote. Ukiona naruka ruka, nivumilie.

Kwanza za mji. Mji unajaa, mama. Tangu Babati yetu iwe makao ya mkoa, kila wiki kunahamia mtu na godoro lake juu ya lori. Maofisa wanataka suti, makarani wanataka sketi za kubana, na kila mmoja anaitaka kesho. Kule Maisaka nyumba zinaota mpaka kwenye mashamba ya mahindi. Zuhura amenunua simu ya mkononi. Ikilia anatoka nje mbio na kupiga kelele kana kwamba anamwita mtu aliyeko Bonga. Mimi nashona, nakula, naishi. Baba Safari mzima, mbaazi mwaka huu zimekubali, na bado naziunguza jikoni kwa sababu ya kusoma. Juzi ameingia, akanusa, akauliza kama kawaida yake, "Leo kaolewa nani?"

Nimecheka, halafu nikakukumbuka, halafu nikalia kidogo, halafu nikakwangua sufuria.

Wajua, watu wananiuliza tulianzaje sisi wawili, wewe mwenye duka na binti wa wafanyabiashara, mimi mtoto wa mkulima kutoka kule juu Mbulu, na kibaraza tu nimekodi kwako. Nawaambia ni vitabu. Hawaamini. Wanadhani ni vitambaa.

Mimi niliishia darasa la saba, na historia niliyofundishwa ilikuwa miaka na majina ya kukariri. Usipojua, fimbo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wapagazi wa misafara walikuwa na malengelenge miguuni, kwamba walitaniana wakipika, kwamba njiani watu walipendana na kuoneana wivu. Hayo niliyajua kwako. Siku ile ya mnada, mzee wa vitabu ametandaza turubai lake kati ya vitunguu na mitumba, mimi nimeshika riwaya upande huu, wewe umeishika upande ule, na hakuna anayeachia. Ilikuwa ya zama za Wajerumani, na jaladani kulikuwa na dada amefunga kilemba, anatazama nyuma. Ukasema, "Tuinunue pamoja." Nikasema, "Na nani aanze?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa pili.

Ndipo nilipofanya lile jambo ambalo mpaka leo watu wakisikia wanashika kichwa. Nilikipeleka kitabu mezani kwangu, nikachukua wembe, nikaufumua mgongo wake uzi kwa uzi kama ninavyofumua pindo la suruali. Vitabu vya zamani vimeshonwa bwana, ukijua pa kuanzia vinafumuka vizuri tu. Kikatoka vipande vinne. Wewe ulikuwa umeziba macho kwa ushungi wako, unasema, "Ya Rabi, huyu mwanamke ni mchinjaji." Ukapewa kipande cha kwanza. Ulipomaliza nikakipokea, wewe ukaenda cha pili, na hivyo hivyo tukafuatana. Mwisho nikavishona vyote tena kwa uzi wa suruali za jinzi, nikakivalisha kitabu jaladani kipande cha kitenge kilichobaki mkasi ukishapita. Kikawa kizuri kuliko kilivyotoka kwa mzee wa vitabu. Tangu siku hiyo vitabu vyetu vyote vina nguo. Vipo kabatini mwako, kimoja drili, kimoja satini, kimoja cha maua ya pazia la mtu ambaye hakurudi kulichukua.

Lakini siku hiyo hiyo ya kwanza nilikukosea. Wakati nafumua, jicho langu lilikwenda ukurasa wa mwisho lenyewe. Wallahi sikulituma. Na kesho yake, wewe umekaa na kipande chako, unahema, unasema, "Sijui kama huyu kijana atarudi salama," mimi mdomo ukanitoka, "Atarudi, ila mguu mmoja." Mama Zuhura! Ulinitazama kama nimekutemea mate. Siku mbili hukunipa chai. Siku ya tatu ukaja na kikombe na sharti: kuanzia sasa kipande cha mwisho cha kila kitabu kitakaa rumande, kwako, na hakitatoka mpaka mimi nimemaliza vilivyotangulia. "Wewe ni mwizi wa mwisho," ukaniambia. "Mwenzako katembea na msafara miezi mitatu, wewe unataka kushukia mlangoni." Nikakubali. Nikaapa. Na kila kitabu nilikuwa nakitafuta kipande hicho ukienda kuswali, na sijawahi kukipata hata mara moja.

Sasa tuje kwa Nyamizi.

Hadi leo nikilitaja jina hilo moyo unaruka. Riwaya ile tuliipata kwa yule karani aliyehamia kutoka Dodoma, akasema ameichoka, na sisi tukamshangaa mtu anayechoka. Nyamizi, binti wa mpagazi, anafuata msafara akimtafuta baba yake. Nyumbani amemwacha Kasanda, mkulima, aliyemwambia tu, "Shamba lako nitalilima." Njiani anakutana na Hamadi, karani wa msafara, anayejua kusoma, anayemfundisha herufi kwa kijiti mchangani. Tulipofika mwisho wa kipande cha pili, mji mzima hapa kibarazani ulikuwa umegawanyika. Wewe ulikuwa wa Hamadi. Mimi wa Kasanda.

Wewe ulisema babu yako alikuja huku na msafara, na kama bibi yako angerudi kwa mkulima, wewe ungezaliwa wapi? Mimi nikakuambia wakulima nao wana moyo, na mtu aliyekulimia shamba misimu mitatu bila kujua kama utarudi, huyo amekuandikia barua ndefu kuliko za karani yeyote. Ukaniambia nina hasira za watu wa milimani. Nikakuambia una maneno ya watu wa dukani. Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni, akadhani tunagombana kweli, akaliacha akasema atarudi kesho.

Ndipo tukawekeana dau. Nyamizi akienda na Hamadi, nakushonea gauni bure. Akirudi kwa Kasanda, wewe unanipa kitambaa cha gauni, nichague mwenyewe au unichagulie. Na kwa sababu ya dau, ukaongeza sharti: kipande cha nne hakuna atakayekigusa mpaka wote tumemaliza cha tatu, halafu tukisome pamoja, mmoja anasoma, mwingine anasikiliza. Ulikuwa umekwisha kumaliza cha tatu na ukanikabidhi. Mimi nilikuwa na kazi ya sare za shule, nikawa nakisoma kwa kudonoa, kurasa nne leo, sita kesho. Ninavyojilaumu, mama. Mimi ambaye siku zote nakimbia, safari hiyo ndiyo nilikwenda taratibu.

Ulikuwa umeanza kuvimba miguu. Ulikwenda kwa daktari, ukarudi, nikakuuliza kasemaje, ukasema, "Kasema nipunguze chumvi." Nikakuamini. Kwa nini nisikuamini?

Ile Jumanne naikumbuka vizuri. Ulitoka na chai saa kumi, ukanipa mandazi mawili badala ya moja, na ulikuwa unacheka cheka peke yako. Nikakuuliza kuna nini, ukasema, "Hakuna." Halafu ukauliza, "Hivi wewe Mama Safari, gauni unapenda mikono mirefu au mifupi?" Nikakujibu mifupi, cherehani ina joto. Ukasema haya, ukaingia ndani. Kesho yake asubuhi na mapema wakakupeleka hospitali ya mbali. Nilikuja kukuaga umekwisha kukaa kwenye gari, ushungi umeuvaa vizuri, nikakuambia bado kurasa thelathini nimalize cha tatu. Ukanikamata mkono. Ukasema, "Usikimbie. Kwa mpangilio." Hilo ndilo la mwisho ulilonitamkia.

Wiki haikuisha ukarudishwa, na siku hiyo hiyo ukazikwa.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu hujawahi kunichukia kwa ukweli. Siku ya tatu ya msiba nimekaa jamvini na akina mama, watu wanasoma Kurani, na macho yangu yapo kwenye kabati lako. Nilikuwa nawaza kipande cha nne kiko wapi. Nilijionea aibu nikatoka nje. Lakini haikuwa Nyamizi tu, mama. Mazungumzo yetu yalikatika katikati. Tulikuwa tunabishana, na mtu mnayebishana naye hajaondoka, ametoka tu kidogo. Nilikuwa nataka tumalize. Nikishindwa nishindwe, lakini tumalize.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, Zuhura aliniita pembeni akanipa kitambaa kimefungwa kwenye karatasi. Rangi ya damu ya mzee, laini, kile cha juu kabisa ambacho nilikuwa nakipapasa kila nikipita. Akasema, "Mama alikikata mwenyewe kabla hajaenda hospitali. Alisema nikupe, na kwamba utajua mwenyewe." Nikajua ni cha kukukumbukia. Nikakikumbatia, nikakiweka chini ya sanduku, na sikuthubutu kukitia mkasi.

Kipande nilikitafuta kila mahali. Chini ya kaunta, nyuma ya kioo, kwenye droo ya vifungo. Zuhura alinisaidia mpaka akachoka, akaanza kunitazama kwa huruma. Mzee wa vitabu nilimuuliza kama ana nakala nyingine, akaniambia hata jina hilo hajawahi kulisikia. Nikakaa na vipande vitatu mezani, nikaacha kusoma. Mimi! Mwezi mzima sikushika riwaya. Baba Safari akaanza kulalamika kwamba mbaazi haziungui, akauliza kama naumwa.

Sasa sikiliza. Unalikumbuka lile jora la rangi ya haradali? Lile ulilouziwa pamoja na mengine, likakaa juu ya rafu mpaka likabadilika rangi upande wa dirishani? Ulikuwa unaliita Bibi Harusi, kwamba limevaa, limekaa, linasubiri posa. Ukasema litanunuliwa siku ya kiyama.

Limeposwa, mama! Wiki tatu zilizopita amekuja mwalimu wa kwaya kutoka Bonga. Anataka sare za kwaya, na sharti lake ni moja: zisifanane na za kwaya nyingine yoyote mkoani. Zuhura alimwonyesha bluu, kijani, zambarau. Hapana, hapana, zipo. Akainua macho, akaliona Bibi Harusi, akasema, "Hiyo!" Zuhura alinitazama, mimi nikatazama chini, maana tungecheka tungeiharibu posa. Alichukua lote. Magauni ishirini na mawili, na fundi ni mimi.

Nikaanza kukata. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, jora linapungua. Siku ya nne limebaki la kuzungusha mara tano tu, nikaona limevimba katikati. Nikalivuta, na kikaanguka miguuni kwangu kifurushi cha gazeti kimefungwa kwa uzi, na lile fundo lako baya ambalo nilikufundisha miaka kulirekebisha ukashindwa. Nilipiga kelele. Zuhura akatoka mbio, akidhani nimejikata kidole.

Ulikuwa umekificha ndani ya Bibi Harusi. Mahali ambapo mkasi wangu hautafika kamwe, siyo? Ulinijua mimi vizuri, kwaya ya Bonga ndiyo hukuijua.

Nilikifungua. Na jua hili: kidole changu kilikwenda ukurasa wa mwisho chenyewe, kama kawaida yake. Nikakirudisha. Nikasema, hapana, safari hii kwa mpangilio. Nilirudi kwanza kwenye zile kurasa za kipande cha tatu nilizokuwa nimebakiza ulipoondoka, nikazimaliza. Halafu kipande cha nne kilikuwa na sura tano, nikajipa sura moja kwa siku, saa kumi, wakati wa chai yetu. Zuhura alikuwa ananiletea kikombe, anasimama mlangoni, ananiangalia ninavyosonya na kupiga meza. Siku ya pili akauliza, "Kwani kuna nini humo?" Siku ya tatu akavuta kigoda.

Mama Zuhura, utamu gani huo! Nilikuwa nimesahau. Kukaa kwenye kiti kibovu Babati na kusikia ngoma ya msafara inapiga hema zing'olewe, na miguu yako mwenyewe inauma. Hamadi si mtu mbaya, na hilo nakupa. Siku ya nne aliponiliza nilikuwa karibu kuhamia upande wako.

Siku ya tano nikamaliza. Nyamizi alirudi, mama. Alitembea wiki tatu na mzigo kichwani, akafika jioni, akakuta shamba lake limelimwa, mistari imenyooka, na Kasanda ameinama anapalilia, hajamwona. Akaweka mzigo chini, akachukua jembe la pili. Basi. Hakuna hata neno. Nililia juu ya cherehani, nusura sindano ipate kutu.

Nikafuta macho, nikasema kwa sauti, "Nimeshinda!" na nikageukia mlangoni kukuona sura yako. Ndipo nilipoona chini ya mstari wa mwisho.

Ilikuwepo alama yako ya penseli. Ile vema ndogo unayoiweka kila mwisho wa sura uliyosoma, na siku pembeni yake. Imeandikwa: Jumanne.

Nikageuza kurasa za nyuma zote, hakuna alama nyingine hata moja. Hukusoma sura tano, mama. Ulikwenda moja kwa moja mwisho. Wewe! Mwalimu wa mpangilio, mkuu wa rumande, uliyeninyima chai siku mbili! Ulichungulia!

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Zuhura akacheka bila kujua sababu. Halafu nikaikumbuka ile Jumanne. Mandazi mawili. Mikono mirefu au mifupi. Halafu kile kitambaa chini ya sanduku, na "utajua mwenyewe." Kicheko kikaniishia.

Daktari hakukuambia upunguze chumvi. Ulijua. Ulijua hatutafika pamoja, ukachungulia kuona nani kashinda, ukaona ni mimi, ukakata kitambaa, ukalipa dau lako, ukakirudisha kipande kwa Bibi Harusi ili nisikipate kabla ya wakati wake. Na ukaenda kupanda gari na ushungi wako umeuvaa vizuri. Nina haki ya kukasirika kwamba hukuniambia, na siku moja nzima nilikasirika kweli, nikakutukana hapa kibarazani kwa sauti ya chini. Ila ungeniambia, ningekulilia wiki nzima, na chai yetu ya mwisho ingekuwa ya machozi. Ukachagua kucheka. Asante.

Gauni nimelishona juzi, nimelivaa leo. Mita ulizokata zimetosha mwili wangu huu wote na mikono mifupi, na kimebaki kipande cha upana wa kiganja. Ulipima kwa jicho tu na hukukosea, na kunipima kwa futi sijawahi kukukubalia. Baba Safari kaniangalia, akauliza, "Leo kaolewa nani?" Nikamwambia Nyamizi, na Kasanda.

Sasa naaga, maana wanakwaya wanakuja kujaribu magauni yao, na wewe ungependa kuwaona, wamekaa kama ndizi mbivu mkunguni, na wamefurahi hao! Mungu akupe mapumziko mema, mama yangu, akuondolee uzito wa miguu. Kama huko kuna misafara iliyopita, mtafute babu yako umuulize yote ambayo waandishi hawakuyajua, uniwekee.

Ahadi yangu ni hii. Leo jioni naushona mgongo wa Nyamizi, vipande vyote vinne, na jaladani namvalisha damu ya mzee iliyobaki. Ile alama yako ya penseli sitaifuta. Na mnada ujao nitanunua kitabu kingine, nitakifumua kwa wembe, na kipande cha kwanza nitampa Zuhura. Ameshaniomba. Cha mwisho nitakiweka rumande mwenyewe, na pa kukificha sikuambii.

Mimi wako,
Mama Safari